Nguo za Bagamoyo, Mgeta

Jamani, naandika haya kwa sababu ofisini sasa hakuna anayenitazama usoni.

Ofisi nzima tulipanga Jumamosi ya matembezi Bagamoyo. Mimi na Damasi, rafiki yangu wa meza moja, ndio tuliopanga baa: ya kwanza supu, ya pili bia za mchana, ya tatu mpaka watufukuze. Ijumaa nikaenda kufanya mazoezi peke yangu. Simu ikaisha chaji, wala sikujali.

Asubuhi basi dogo la ofisi, Kosta, likanipitia nyumbani Mafiga. Kina mama wamejifunga khanga, nyuma masufuria makubwa na gunia la mchele. Nikajisemea, leo pilau ufukweni! Nikakaa mbele, koti juu ya shati langu la maua, nikamuuliza dereva Damasi yuko wapi.

"Yuko huko tangu jana."

Msaliti! Ameanza kunywa bila mimi. Nikanuna, na pombe ya jana ikanilaza.

Niliamshwa na baridi. Ukungu, milima, mashamba ya kabeji. Mgeta, kwao Damasi! Nje wanaume wamekaa kwenye mabenchi, kimya. Kichwa changu kibovu kikaniambia tumekuja kumchukua. Nikavua koti, nikashuka na kaptula, miwani ya jua na kofia ya ukili.

"Damasi!" nikapaza sauti. "Umeshafika baa ya ngapi?"

Akainuka taratibu, macho mekundu, akanishika mkono.

"Asante kwa kuja, ndugu yangu. Mama yuko ndani. Ingia umuage."