Zamu ya Bwana Utaratibu

Tusidanganyane: mtu aliyeamka na hasira aogopwe, lakini mtu aliyelala nazo siku tatu mfululizo akimbiwe. Bi Mitambo, fundi wa kompyuta wa hospitali kubwa, alikuwa wa aina hii ya pili.

Hospitali ilikuwa na madirisha kumi na mawili ya kuandikisha wagonjwa, na nyuma yake seva nne, yaani kompyuta kubwa zinazoyahudumia. Mbele ya seva hizo ilikaa programu ya kugawa mzigo, kazi yake kuamua ombi hili liende seva ipi na lile ipi. Ilikuwa programu huria: ya bure, msimbo wake uko wazi, mwenye macho asome. Bi Mitambo ndiye aliyeichagua, akaisifu mbele ya wakubwa mpaka mate yakamkauka. Sasa kwa wiki sita ilikuwa inaganda. Haizimiki, haitoi ujumbe wa kosa, inasusa tu, na madirisha yote kumi na mawili yanasusa nayo.

Mkuu wa idara alibandika karatasi ukutani: IKIGANDA, ZIMA, WASHA. Wakazima, wakawasha, ikapona. Kila ikipona, ushahidi wote wa ugonjwa unafutika. Bi Mitambo alilijua hilo kama anavyolijua jina lake, lakini alikuwa na mambo mengi, na alipotakiwa aandike ripoti, alipekua kumbukumbu za mfumo harakaharaka, hakuona kitu, akaandika: "Mfumo ni mzima. Kuganda hutokea asubuhi, katika zamu ya mtumishi mmoja tu." Akatia saini.

Mtumishi huyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Kazini walimwita Bwana Utaratibu, maana ukimpa mwongozo wa hatua kumi atazifuata zote kumi, hata ile ya kupangusa vumbi kwenye kibodi. Jumanne alisimamishwa kwa tuhuma za kuhujumu mfumo, akaambiwa afike mbele ya kamati Ijumaa saa nne. Akipatikana na hatia, kazi imeota mbawa, na mtu aliyefukuzwa kwa kuhujumu hospitali nani atamwajiri tena?

Jioni ile mume wa Bi Mitambo aliweka nakala ya ripoti mezani.

"Hii saini ni yako?"

"Yangu."

"Haya."

Akachukua sahani yake akaenda kulia chakula chake sebuleni. Angefoka ingekuwa nafuu. Bi Mitambo alibaki na wali wake, na hasira isiyojua imshike nani: bosi, programu, au mkono wake mwenyewe ulioshika kalamu.

Jumatano alfajiri akaichukua zamu ya shemeji. Akachapisha mwongozo, akaufuata mstari kwa mstari kama Bwana Utaratibu mwenyewe. Hatua ya saba ilisema: kabla ya madirisha kufunguliwa, itoe seva moja kwenye huduma, ipakie orodha ya madaktari wa siku, irudishe, kisha nenda kwenye inayofuata. Akamuuliza karani wa mchana, "Nyie hatua ya saba mnaifanyaje?"

Karani akacheka. "Hiyo? Sisi hatuigusi, dada. Si Bwana Utaratibu anakuwa keshaifanya asubuhi?"

Siku hiyo haikuganda. Alhamisi, saa moja na nusu, alipoitoa seva ya tatu, ikaganda.

Bi Mitambo hakuzima. Aliwaambia makarani waandikishe kwa mkono, akaketi. Simu ikalia.

"Washa hicho kitu!" Mkuu wa idara alikuwa anapiga kelele.

"Nipe dakika kumi."

"Watu wamejaa mpaka mlangoni!"

"Wamejaa wiki sita kwa sababu ya karatasi yako! Dakika kumi!"

Akamkatia bosi simu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, akaanza kuihoji programu ikiwa imeganda vilevile: nani ndani yako anasubiri nini, na nani kamshikilia? Majibu yakaja. Ndani ya programu kulikuwa na mkaguzi anayezigonga seva kila sekunde chache kuona kama ziko hai, na kulikuwa na mtumwa anayetii amri ya kuitoa seva. Ni kama mmoja alishika ufunguo wa stoo akisubiri daftari, mwenziwe alishika daftari akisubiri ufunguo, na hakuna aliyekuwa tayari kuachia. Wakikutana sekunde moja tu, kwisha. Anayefanya hatua ya saba mara nne kila asubuhi lazima siku moja awakutanishe. Mvivu hatawakutanisha hata akistaafu.

Alipiga meza mpaka kikombe kikaruka. Mtu anafukuzwa kwa kufanya kazi kama ilivyoandikwa! Na mwandishi wa mwongozo ule ni nani kama si yeye?

Akawapelekea ushahidi wanaoitunza programu ile, huko waliko. Kabla ya saa nane wakajibu kwamba kweli ni kosa lao, na marekebisho haya hapa, mistari minne ya msimbo. Minne!

Ijumaa, mbele ya kamati, mkuu wa idara akajikohoza. "Mfumo una kosa, sawa. Ila tumalize kiungwana. Bwana mdogo apewe onyo dogo, ripoti ibaki ilivyo, tusiumbuane."

"Onyo la nini?" Bi Mitambo alikuwa amesimama bila kujua. "La kufuata mwongozo wangu? Andikeni hivi: ripoti si kweli, na aliyeiandika ni mimi. Karatasi ya ukutani ni yako wewe. Msimwangushie huyu jumba bovu!"

Mwenyekiti aliandika. Shemeji akarudishwa kazini siku hiyohiyo.

Bi Mitambo akamkimbilia kwenye korido. "Umemsikia yule? Eti onyo dogo! Nikamwambia..."

"Nimesikia, shemeji. Ahsante." Bwana Utaratibu alikuwa anavaa kitambulisho chake, taratibu, kama anavyofanya kila kitu. "Ile programu ulikaa nayo dakika ngapi jana?"

"Kumi. Kumi na mbili hivi."

"Ukaiuliza kila kitu."

"Kila kitu."

"Mimi ungeniuliza asubuhi nafanya nini, ningekwambia hatua ya saba. Wiki sita, shemeji, na kila Jumapili tunakula meza moja."

Akaenda dirishani kwake, akachukua kitambaa, akaanza kupangusa kibodi.