Waya wa Kijani wa Kaka Shomari

Leo siku ya kumi na mbili, na asubuhi bado natega sikio upande wa pili wa ua, nikingoja besi yako ianze, Kaka Shomari. Haianzi.

Wanaonifuata hapa wananijua kwa vitabu ninavyosoma, si kwa jina. Leo sina kitabu. Nina jambo ambalo hadi leo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mama. Waya uliosababisha kifo cha Shomari ulikatwa kwa ushauri wangu.

Nianze na yeye kwanza, maana anastahili.

Shomari alikuwa jirani yetu hapa Kilindoni, mpiga besi wa bendi ya harusi. Mpiga besi husimama nyuma. Kwenye picha za harusi utauona mkono wake, au nusu ya kofia. Alisema watu hawamjui kwa sura, wanamjua kifuani, pale sauti inapogonga.

Nyuzi mpya za besi hazipatikani kisiwani, na za zamani zinaliwa na chumvi mpaka sauti inakufa. Basi alizichemsha kwenye sufuria ya wali ya mkewe, Dada Zuhura. Zuhura alifunua siku moja akauliza, "Leo mboga ni waya?" Shomari akamwambia aonje chumvi kwanza.

Amplifaya yake ilikuwa nzito kama friji. Wakienda kupiga Jibondo kwa mashua aliifunga turubai, akaikalia mwenyewe njia nzima ili mtu mwingine asiikalie.

Alinitania sana. Mimi naogopa kuongea mbele za watu, kwa hiyo aliniita Profesa Kimya. Lakini ndiye mtu mzima pekee aliyeniuliza nimesoma nini leo, kisha akakaa asikie jibu.

Ndiyo maana aliponiuliza kuhusu mvumo, nilitaka sana niwe najua.

Amplifaya ilikuwa imeanza kuvuma, nguuuu, hata kabla hajagusa uzi. Wenzake wakamcheka kwamba kaoa nyuki. Nikatafuta kwenye simu. Mpiga gitaa mmoja, sijui wa nchi gani, aliandika kwamba ukikata waya wa ethi kwenye plagi, mvumo unakwisha. Chini yake kulikuwa na majibu mengi. Sikuyasoma. Mimi ninayesoma hata maandishi ya mfuko wa chumvi, niliishia pale nilipopata jibu nililolitaka.

Na kazi ya waya ule naijua. Lilikuwa swali la mtihani wa fizikia, nikalipata: ethi huupeleka ardhini umeme uliovuja, kabla haujampitia mtu.

Alifungua plagi kibarazani. Nikamwonyesha ule wa kijani wenye mstari wa njano. Akaweka kisu juu yake, akanitazama.

"Una uhakika, Profesa?"

"Nina uhakika."

Mvumo ukakoma pale pale. Akanipeleka mazoezini, akawaambia wenzake huyu ndiye injinia wetu. Nilitembea na furaha hiyo wiki nzima.

Harusi ilikuwa Kirongwe, mchana. Fundi Kassimu ndiye aliyevuta umeme kutoka nyumbani kwa bibi harusi. Mwimbaji alikaukiwa koo, akampa Shomari maiki awasalimie wageni. Mkono wa kushoto ulikuwa bado juu ya nyuzi. Wa kulia ukashika maiki.

Akaanza kutetemeka, na watu wakapiga vigelegele.

Walidhani mtu wa nyuma leo kaamua kucheza. Kinamama waliinuka wakamwiga, mabega yakiruka kama yake. Mimi nilikuwapo. Nilipiga makofi.

Mtu mmoja tu alikimbia kuzima umeme. Fundi Kassimu.

Msibani ikasemwa kwamba Kassimu alifunga nyaya ovyo, na kule kukimbia kwake ndiko kukawa ushahidi: alijuaje? Amplifaya ilirudishwa kwa Zuhura, na plagi hakuna aliyeifungua. Baadhi yenu mmemwita muuaji hapa hapa, kwenye komenti. Kazi hapewi tena. Binti yake, Rehema, anakaa dawati la mbele yangu, na darasani wamempa jina, Shoti. Akigusa mlango, wanajifanya kurushwa. Juzi na mimi nilicheka, nisije nikaonekana ndiye asiyecheka.

Kaka Shomari, ulitaka kimya kidogo tu kabla ya noti ya kwanza, nami nikakupa chote. Ukiweza, nisamehe. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako. Lala, kaka yangu.

Nilichofanya ni hiki.

Leo baada ya Alasiri nilikwenda kwa Dada Zuhura, nikamwomba tufungue plagi. Akauona waya wa kijani umekatwa. Nikamweleza.

"Alikuuliza kama una uhakika?"

"Aliniuliza."

Hakutaka kujua nilijibu nini. Aliuchomoa waya na plagi yake kwenye amplifaya, akaniwekea mkononi. "Mimi niko edani, sitoki," alisema. "Nenda wewe."

Fundi Kassimu nilimkuta mlangoni kwake. Nikasema yote bila kumtazama. Alisikiliza hadi mwisho.

"Siku kumi na mbili, binti yangu. Na kila asubuhi ukipita hapa unanipa shikamoo, nami nakuitikia marahaba."

Rehema alikuwa nyuma yake, amesikia kila neno. Akanyoosha mkono, nikampa plagi. Akaigeuza, akaitazama, akaingia nayo ndani. Baba yake akamfuata, akafunga mlango.

Picha ya plagi niliipiga kwa Zuhura, ndiyo hii. Haya nimeyaandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya kina Rehema. Ukurasa huu ulikuwa na jina la kubuni. Nimelifuta, nimeweka langu.