Sabini na Moja au Sabini na Tatu

Mtu akitaka gari la zamani katika milima ya Usambara, hamwulizi mwenye gari. Anamwuliza fundi Sefania. Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mingi, na Sefania Shemzigwa hakuficha kwamba jambo hilo lilimpendeza. Gereji yake iko Lushoto, chini kidogo ya soko, uwanja wa udongo mwekundu ulioezekwa bati nusu tu. Ana miaka hamsini na tisa, ni mzee wa kanisa, hanywi, na mteja akimwomba aseme gari halina kasoro ili liuzike upesi, humrudishia ufunguo hapo hapo.

"Nikisema breki mbovu, ni mbovu," husema. "Ukitaka maneno matamu nenda kwa dalali."

Mwezi wa saba alifika mhandisi kutoka Dar es Salaam, anaitwa Clemence, mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye adabu na ugonjwa wa magari ya kale. Alikuwa akitafuta Datsun ya michezo, ile ya milango miwili yenye boneti ndefu, ya enzi za mashindano yaliyokuwa yakipita huku milimani. Alikuwa amezipata mbili. Moja ilikuwa Mombo kwa dalali, ya mwaka sabini na tatu. Nyingine ilikuwa Bumbuli kwa mjane, ya mwaka sabini na moja.

"Ya Mombo nimeiona, na wewe umeniambia ni nzima," alisema Clemence. "Lakini wenzangu wananicheka, fundi. Wanasema sabini na tatu ni ya mtu aliyekosa sabini na moja. Twende Bumbuli ukanionee hiyo nyingine."

Sefania alikuwa anafuta mikono. Aliendelea kuifuta hata ilipokuwa imekauka. Alilijua gari la Bumbuli kuliko alivyojua magari yote aliyowahi kuyagusa, na palepale angeweza kusema haendi. Hakusema. Alipanda, wakaondoka.

Mwenye gari aliitwa Beatha, mjane wa Yeremia, aliyekuwa karani na muumini mtulivu. Alikuwa na miaka sitini na minane. Gari lilikaa kwenye kibanda pamoja na kuni, na juu ya usukani palikuwa na manyoya.

"Shikamoo, mama," alisema Sefania.

"Marahaba, Baba Efrazia. Karibuni. Msishangae, tangu marehemu aondoke kuku ndio madereva. Mmoja anataga kiti cha nyuma, wa pili hataki abiria kabisa."

Clemence alicheka. Emanueli, mdogo wa marehemu Yeremia, hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya gogo, akitazama kama mtu aliyekuja kuchukua chake.

Na kweli alikuja kuchukua. Beatha alipoolewa, mumewe alimgawia shamba bondeni, kama Wasambaa wafanyavyo: shamba la mke, la kulishia nyumba yake na watoto wake. Kwa miaka arobaini na tano alilima kabichi na maharage pale, kiangazi na masika, kwa maji ya mfereji. Lakini alizaa binti mmoja tu, naye ameolewa mbali, hivyo hapakuwa na mwana wa kulirithi. Msiba ulipokwisha ukoo ulikaa, na shemeji zake wakadai fungu lao. Baada ya kelele nyingi wazee wakakata shauri: auze gari la marehemu, awape shemeji fungu lao, abaki na bonde. Asipouza mpaka mwisho wa mwezi, bonde ni la kina Emanueli. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Sefania aliyajua yote hayo. Na alijua jambo jingine, ambalo hakuna mtu mwingine aliye hai aliyelijua.

Huku juu spea hupanda kwa shida, na zamani zilikuwa hazipandi kabisa. Gari likifa halitupwi, linachinjwa. Injini inahamia kwenye bodi la jirani, milango inakwenda Mtae, kiti kinawekwa barazani. Hakuna aliyeona aibu, kwa sababu kila mnunuzi aliambiwa wazi kipi kimetoka wapi. Mwaka themanini na nane, Sefania akiwa kijana chini ya fundi Juma, Datsun ya sabini na moja ilitumbukia korongoni kwenye kona za kushukia Mombo. Vilisalimika injini, kibati cha mwaka na kadi yake. Haukupita mwezi mtu akaleta Datsun ya sabini na tatu, nzima, haina karatasi hata moja. Fundi Juma hakuuliza ilikotoka. Alihamisha injini, kazi ya kila siku. Kisha akamwita Sefania, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi, akamwamuru asage namba ya bodi, agonge ile ya gari lililokufa, na kibati cha mwaka akihamishe.

Sefania alisaga, akagonga, akahamisha. Alipewa pea ya viatu, akavivaa kanisani. Gari likauzwa kwa Yeremia kama la sabini na moja, na Yeremia hakuambiwa kitu. Fundi Juma alifariki. Sefania akaendelea kulihudumia gari lile kwa zaidi ya miaka thelathini, akila chakula cha mchana kwa Beatha kila alipokuja, na kila mara alijiambia kwamba hakuna anayeumia.

Clemence alifungua boneti, akasoma kibati, akatabasamu. Akazunguka nyuma. Tabasamu likapungua.

"Fundi, kuna kitu hapa. Nimesoma kwamba sabini na moja ina matundu ya hewa kwenye mlango wa buti. Hii inayo ubavuni, kama ile ya Mombo."

"Gari la milimani hilo," alidakia Emanueli. "Huku tunabadilisha hata pua. Mwulize fundi wako."

"Ndiyo namwuliza. Kadi ni sabini na moja, kibati ni sabini na moja. Wewe ukisema ni sabini na moja, nalipa leo hii. Neno lako linanitosha."

"Mwambie, Baba Efrazia," alisema Beatha taratibu. "Mwambie aondoke na gari lake, mimi nikalime."

Jibu lilikuwepo tayari. Lilikuwa fupi: bodi la nyuma lilibadilishwa baada ya ajali. Clemence angeamini, Beatha angebaki na bonde, na dunia isingejua. Sefania alilionja jibu lile mdomoni, na kwa kitambo alidhani atalitoa.

"Si sabini na moja," alisema. "Ni sabini na tatu. Namba niligonga mimi."

Kuku alishuka kutoka kwenye kiti.

"Wewe?" aliuliza Clemence.

"Mimi. Mwaka themanini na nane."

Clemence alifunga boneti polepole. "Na ile ya Mombo uliyoniambia ni safi? Ile nayo aligonga nani?"

Jibu lolote lingekuwa neno la Sefania, na neno lake ndilo lililokuwa limekwisha. Clemence aliaga kwa heshima, akaondoka peke yake. Ile ya Mombo aliinunua, lakini baada ya kuleta fundi mwingine kutoka Tanga aikague upya.

Emanueli alipiga kofi pajani. "Mzee wa kanisa! Kumbe umekuwa ukituombea huku umeshika nyundo!" Akainuka akaenda, mwendo wa mtu mwenye shamba.

Beatha alikaa juu ya gogo aliloliacha shemeji yake.

"Yeremia alijua?"

"Hakujua, mama."

"Umekula kwangu miaka yote hiyo. Ulimi wako ulikuwa wapi?"

Sefania alivitazama viatu vyake, na Beatha akaendelea.

"Ungemwambia akiwa hai, angekugombeza, ungelia, yangekwisha. Nyinyi wanaume wawili mngeyamaliza. Umengoja mpaka nimebaki peke yangu, ndipo umekuwa mkweli."

Hakuna mahubiri yanayozidi maneno hayo. Ukweli ule ulikuwa haki ya Yeremia tangu siku aliponunua gari. Sefania aliuficha wakati ambapo yeye ndiye angeulipia, akautoa wakati ambapo malipo yalimwangukia mwingine. Kusema uongo siku ile kungekuwa dhambi ya pili. Kusema kweli hakukufuta ya kwanza. Mtu aliyejiweka mahali kama hapo hana mlango wa kutokea, na ukuta unaomzunguka aliujenga mwenyewe.

Hata hivyo Sefania alijaribu kulipa. Gari lenye namba ya kughushi halikununulika hata kwa bei ya bati chakavu, kwa hiyo alikwenda kwa wazee wa ukoo kusema angelipa fungu la shemeji yeye, hata kwa kuuza gereji. Emanueli alijibu kwamba hela za mgonga namba hazitaki, na wazee wakamuunga mkono. Sefania akaenda kwa mchungaji, akasema yote, akavuliwa uzee wa kanisa. Gerejini wateja walipungua. Waliobaki walianza kumwomba asichoombwa zamani: "Fundi, na hii yangu si unaweza kuipunguza umri kidogo?"

Mwisho wa mwezi alishuka bondeni asubuhi na jembe begani. Kina Emanueli walikuwa kwenye ukingo na kamba ya katani ya kupimia. Beatha alikuwa anang'oa kabichi ambazo hazijafunga, majani matupu, anazirundika kwenye kanga. Sefania akainama kumsaidia.

"Acha," alisema Beatha bila kumtazama. "Mpaka saa sita bado ni zangu."

Akaliweka jembe chini, akasimama kwenye tuta. Jua lilipanda. Saa sita ilipofika, Beatha alifunga kanga yake, akaibeba kichwani, akapandisha mlima. Watu wa kamba wakaingia shambani, na mmoja wao akamwomba Sefania ashike ncha.