Kiti cha Mwalimu Waya

Nilimaliza sekondari nikiwa wa kwanza shule nzima, na matokeo yalipotoka mtu niliyemfikiria kwanza hakuwa mama. Alikuwa mwalimu wangu wa fizikia. Wanaosema ushindi hufuta machungu, wamesema wao. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Tulimwita Mwalimu Waya kwa sababu mifuko ya koti lake haikukosa vipande vya nyaya. Kidato cha pili alitupa kazi ya kuunganisha betri, swichi na balbu. Balbu yangu iliwaka kabla ya zote. Akaja, akaitazama, akasema nimeigilizia kwa kijana wa pembeni yangu, ambaye yake ilikuwa bado giza. Kisha akazichomoa nyaya zangu moja moja, mbele ya darasa zima.

"Mama yako si ndiye anayetushonea sare? Basi kashone, binti. Umeme waachie wenzako."

Darasa likaangua kicheko. Tangu siku hiyo jina langu likawa Cherehani, na nilitoka nalo getini siku ya kumaliza shule. Nilitaka kulia nikajizuia, maana machozi yangu yangemfurahisha. Badala yake nikaanza kusoma kwa kinyongo. Wenzangu walisoma ili wafaulu. Mimi nilisoma ili yule mtu akose pa kuficha uso wake. Nilisomea kwenye meza ya mama ya kukatia vitambaa, chaki zake zikinipaka viwiko, na kila nilipochoka nilizikumbuka nyaya zangu zikichomolewa. Uchovu ulikimbia wenyewe.

Sasa, shuleni kwetu kuna desturi moja. Siku ya mahafali, ambayo kwetu hufanywa matokeo yakishatoka, mwanafunzi wa kwanza hupigwa picha mbele ya ofisi akiwa amekaa, na kiti cha pili hukaliwa na mwalimu aliyemchagua mwenyewe. Picha hutundikwa kwenye korido. Ukipita pale utamwona Waya katika picha baada ya picha, kifua mbele, utadhani watoto wote wa watu kawazaa yeye. Na kwa kuwa fizikia ndiyo niliyoipasua kuliko masomo yote, hakuwa na wasiwasi kwamba mwaka huu pia ni wake.

Mahafali yalipokaribia akaja nyumbani na koti jipya, apunguziwe mikono. Nilikuwa napiga pasi. Nikamwamkia kwa adabu.

"Cherehani wetu!" akasema huku anacheka. "Unaona nilivyokunoa?"

Kuninoa!

Alipoondoka nikamwambia mama, "Mwachie sindano humo kwapani."

"Koma," akasema mama, naye akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka. "Mwanangu, mkalishe kwenye hicho kiti yaishe. Yeye ndiye anayechagua fundi wa sare. Hasira hasara."

"Na dharau je, mama? Dharau ni faida?"

Mama aliendelea na mikono ya lile koti, kwa mshono uleule mzuri anaowashonea watu wote. Nilijua ninachotaka kufanya kinaweza kumkosesha kazi. Nilijua, na bado nilikitaka.

Siku ikafika. Wazazi walijaa uwanjani, mpiga picha akapanga viti viwili, na Waya alikuwa ameshasogea karibu, anafunga kifungo cha koti.

"Haya, chagua mwalimu wako," mwalimu mkuu akaniambia.

"Naomba kiti kibaki wazi."

"Wazi? Sasa atakaa nani?"

"Mimi." Nikageuka nikamtazama Waya usoni. "Kila mtu anasema nitasomea udaktari. Naenda kusomea ualimu wa fizikia. Nikirudi naitaka maabara yake, na kiti hiki nitakikalia mimi. Na mtoto yeyote balbu yake ikiwaka, itaachwa iwake."

Waya akacheka, lakini hakuna aliyempokea kicheko chake. Akarudi nyuma hadi kwenye mstari wa walimu. Kutesa kwa zamu. Sitadanganya, nilisikia raha mpaka kwenye kucha. Picha ipo ukutani, mimi na kiti kitupu, na kwenda darasani kwake hakuna njia nyingine ila korido ile.

Mwezi uliofuata kazi ya sare akapewa fundi mwingine. Nilingoja mama aniseme, hakunisema. Alishona mapazia ya watu kimyakimya, na ukimya wake uliniuma kuliko tusi la Waya. Sikujuta, ila uliniuma.

Jana nilikuwa nafunga sanduku la kwenda chuoni, akaniita kwenye ile meza ya kukatia. Alikuwa ameshona koti la kijivu kama lile la Waya, mikono yake kwa kipimo changu. Nikalivaa. Akanizunguka, akanitoa uzi begani, akanisogezea kigoda chake.

"Kaa," akasema. "Nataka kuona ukishakaa linakunjamana wapi."