Ngozi za Wanga za Nuhu

Jirani yangu Nuhu, mtoto wa mama Saumu, alisoma kemia Bukavu, akarudi hapa Baraka kufundisha. Ni mutu wa kuogopa vitu vidogo. Kuku ikikohoa, anauliza tumeilisha nini.

Kazi yake ya nyumbani ilikuwa wanga. Anachukua wanga wa muhogo, anaupika na maji na gliserini, anatia chumvi, anamwaga kwenye kioo. Ikikauka anabandua ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Alitueleza kwamba ndani yake chumvi inagawanyika kuwa chembe zenye umeme, nazo zinatembea: ngozi ikiwa na unyevu zinakimbia, ikikauka sana zinakwama. Alitaka ngozi ile ikae ndani ya pile, betri ya redio, ili pile ikitupwa shambani ioze kama ganda la ndizi. Tulicheka sana. Tulimuita Bwana Bugali ya Umeme.

Lakini chumvi yenyewe haikuwa ya jikoni. Ilikuwa ya lithiamu, inayoharibu figo, na figo za mama Saumu zilikuwa zimechoka tayari. Hospitali walimukataza hata dagaa zetu, ndagala, za chumvi. Nuhu aliifungia chumvi ndani ya sanduku, ufunguo shingoni. Lakini ngozi zenyewe, huyo mwenye akili nyingi akazianika nje, pembeni juu ya shitingi, turubai ya kuanikia muhogo, eti jua ni lile lile.

Kwetu mvua ikitokea upande wa rasi ya Ubwari, hatungoji mwenye muhogo. Aliye karibu anaanua. Siku ile Nuhu alikuwa darasani, mama yake amelala. Félicité wa nyumba ya pili, ambaye muhogo wake na wa mama Saumu ulikuwa kwenye shitingi ileile, akazoa vyote ndani ya beseni mbili, moja yake, moja ya mama Saumu. Ngozi zikavunjika humo kama maganda. Akapeleka kwa mashini ya kusaga, akarudisha unga, na mama Saumu akasonga.

Nuhu aliingia nikiwa pale naomba moto. Mama yake alikuwa na tonge mukononi, na mengine yameshapita. Nuhu akauliza ngozi ziko wapi. Félicité, na furaha ya mutu aliyetenda wema, akasema amesaga yote.

"Ziliingia beseni gani?"

"Baba, mvua ilikuwa inanipiga mugongo. Nilizoa tu."

Nuhu akamupokonya mama yake tonge. Mama Saumu akauliza kama sasa ananyimwa chakula ndani ya nyumba yake. Nuhu akaleta kipimo chake cha umeme chenye visindano viwili, akanituma nilete bugali ya kwangu, ya unga mwingine. Akaichoma kwanza. Mushale wa kipimo ulijinyanyua kidogo, ukalala: bugali hatuitie chumvi, ni maji tu yanayopitisha umeme kidogo. Kisha sahani ya mama yake. Nilijikuta nimeshika kidole cha mama Saumu, cha baridi kabisa.

Mushale ukajinyanyua kidogo, ukalala.

Nuhu akakaa chini, palepale kwenye majivu.

"Nikule sasa, ao unapima na samaki?" mama yake akauliza. Nikaanza kucheka. Félicité hakucheka.

"Basi iko kwa yangu," akasema. "Na Merveille nilimuacha anasonga."

Aliacha ndala zake, akakimbia, nasi nyuma. Merveille, binti yake, alikuwa ametua sufuria, wadogo zake wameizunguka, mikono wamenawa. Nuhu akachoma. Mushale uliruka mpaka mwisho.

Merveille alikuwa amelamba mwiko tu. Tulimupandisha pikipiki mpaka hospitali, wakamunywesha maji, wakamuchunga, akarudi muzima. Bugali ilienda chooni, na beseni nyuma yake.

Siku hizi Nuhu anaanika chini ya kitanda, na ngozi zinaota kuvu. Haachi. Félicité hapakui bila kumuletea tonge apime, naye anapima, hamukatalie. Sisi wengine, mvua ikitokea Ubwari, tunasimama mulangoni. Muhogo wa jirani unalowa, tunauona, na mikono haitoki.