Mgomba Uliozikwa kwa Jina la Klaudia

Bodaboda iliniacha Nshamba saa nne asubuhi, vumbi jekundu likiwa limenijaa mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa safarini tangu alfajiri, kutoka Biharamulo, nikifuata habari za reli, na nilichokuwa nacho ni jina tu: Ildefons, mstaafu wa reli. Nikamuuliza mwenye duka la pembejeo. Akacheka. Alisema wilaya nzima ya Muleba haina hata futi moja ya reli, sasa huyo alistaafu nini? Mteja wake, mama aliyekuja kununua dawa ya kahawa, akamwambia aache utani, mgeni anamtafuta Taruma. Akaninyooshea kidole njia ya kushuka kati ya migomba.

Taruma ni lile pao linalolala chini ya reli na kukanyagwa na treni zote. Nilimkuta mwenye jina hilo ameketi kwenye kiti cha plastiki, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Ana miaka sabini na sita. Aliomba radhi kwa kutoinuka. Magoti yake, alisema, aliyaacha kati ya Tabora na Isaka.

Nimepanda treni katika nchi nyingi, lakini sijaona watu waliokuwa na reli bila reli kama watu wa huku. Zamani meli za ziwa zilikuwa mali ya reli. Ulikata tiketi moja bandarini Bukoba, ukavuka hadi Mwanza, ambako njia ilifika mwaka 1928, na tiketi ileile ikakupeleka Dar es Salaam. Ndivyo Ildefons alivyoondoka mwaka 1971, na barua ya paroko mfukoni. Alianza kibarua katika genge la matengenezo, akaishia kuwa nyapara wa njia. Kila asubuhi alitembea kipande chake cha kilomita nane, spana ndefu begani, akikaza bolti na kugonga mataruma kwa nyundo. Lililolegea hutoa sauti ya debe tupu. Haya yote aliyasema bila majivuno, kama mtu anayetaja dawa alizokwisha kumeza.

Mke wake, Klaudia, aliishi naye kambini kando ya njia. Alifariki kwa homa Januari 1998, wakati wa mvua za El Nino. Maji yalikuwa yamelibeba tuta pande zote mbili za kambi, na hakuna treni iliyopita kwa wiki tatu. Maiti haingoji. Wanaume wa genge walimzika mahali pa juu, hatua thelathini kutoka relini.

Huku, mtu huzikwa kwenye kibanja cha ukoo, kati ya migomba, pembeni mwa nyumba. Taarifa ya kifo ilipofika Nshamba, ndugu walingoja jeneza mpaka wakakata tamaa. Wakafanya kama wazee wao walivyofanya mwili ulipokosekana: walikata mgomba, wakaufunga kwa shuka, wakauzika kwa jina la Klaudia na kuomboleza siku nne. Ildefons alipokuja likizo mwezi wa sita alikuta kaburi limekwisha wekwa msalaba. Hakusema kitu.

Nilimuuliza kwa nini.

"Nilikuwa nimechoka," alisema. "Nao walikuwa wamekwisha kulia."

Miaka ishirini na saba ikapita hivyo. Sasa reli mpya, ile ya treni ya umeme, inajengwa, na mwezi uliopita alipata barua kutoka kijiji kilichokuwa na kambi yake. Makaburi yaliyo ndani ya hifadhi ya reli yatahamishwa. Ndugu wafike kabla ya mwisho wa mwezi huu kuonyesha ya kwao. Yasiyo na mwenyewe yatafukuliwa kwa pamoja na kuzikwa shimo moja. Kaburi la Klaudia halina jina. Alama yake ilikuwa nguzo ya simu, na nguzo zote zilikwisha ng'olewa. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili.

Mchana alikuja kaka yake, Rugemalira, mwenye kibanja kwa urithi, na mkewe Restituta akiwa na sahani ya ebitoke, ndizi za kupika, na maharage. Niliambiwa nile, nikala. Wao walirudia maneno ambayo bila shaka walikwisha yasema mara nyingi. Rugemalira alisema mtu hazikwi mara mbili, kwamba kaburi la pili kwa jina moja ni kumwita mwingine aje kulijaza, na yeye ana wajukuu kumi na mmoja. Alisema pia kwamba mdogo wake ni mzee, haoni vizuri, atarudi na mifupa ya Msukuma wa watu. Hapo hata Ildefons alicheka kidogo.

Kisha akafuta miguu yake kwa taulo, taratibu, mmoja baada ya mwingine.

"Ta Rugemalira," alisema, akimwita kwa heshima ya mkubwa, "nyinyi mlizika mgomba. Mimi nilizika mke."

"Tuliulilia," kaka yake akajibu. "Siku nne, machozi ya kweli. Leo unataka niwaambie watu tulimlilia nani?"

Restituta alikuwa akikusanya sahani. Hakuinua macho.

"Baba Celina, mgomba ule niliufunga mimi," alimwambia mumewe. "Haukuwa na uzito wa mtu."

Rugemalira alichukua fimbo yake akaondoka bila kuaga.

Ildefons aliamua kwenda hivyohivyo. Akipata mifupa na asipate pa kuizika, alisema, ataomba nafasi parokiani. Nilimwambia basi lingemfikisha kwa siku moja. Akatikisa kichwa. Akitokea barabarani asingepatambua mahali penyewe; angepanda meli hadi Mwanza, kisha treni ya zamani, akae dirisha la kushoto na kuhesabu makalvati, yale madaraja madogo ya kupitisha maji, baada ya Isaka. La nne, halafu mkato wa mawe, pale reli inapopasua mwamba, halafu kaburini. Angeshuka stesheni inayofuata na kurudi kwa miguu.

"Kwa magoti hayo?"

"Yanaijua njia."

Siku tatu baadaye nilimsindikiza bandarini Bukoba. Abiria walikuwa wameanza kupanda jioni ile, na mikungu ya ndizi ilikuwa ikipita juu ya vichwa vyetu. Alibeba begi dogo begani na shuka jipya jeupe kwapani. Tulipofika getini tulimkuta Rugemalira ameketi juu ya gunia, amevaa kofia ya sweta kama mgonjwa, viatu vikiwa na udongo. Alikuwa ametoka Nshamba kwa gari la asubuhi na kungoja mchana kutwa. Hakusalimu. Alitoa mfukoni kamba ya katani yenye fundo mwishoni.

"Sanduku la mifupa lisizidi hapa," alisema, akishika fundo. "Nimefukua palepale pa mgomba. Mle ndani hakuna kitu, ni udongo tu."

Ildefons aliipokea kamba, akaikunja, akaiweka ndani ya shuka. Aliinamisha kichwa kwa kaka yake kidogo, kama mdogo anavyopaswa. Kisha akapanda ngazi ya meli, mikono yote miwili kwenye bomba, goti moja, akapumzika, goti la pili. Watu nyuma yake walinung'unika, halafu wakamngoja.

Rugemalira aliniuliza treni ya kutoka Mwanza inaondoka siku gani. Sikujua. Akasema basi, tukae kwanza mpaka meli iondoke.