Mawe ya Kando ya Mihogo

Mjukuu wangu alifikisha miaka saba hajawahi kuniita koko, yaani bibi. Hakuita mtu. Ukimuita, hageuki; bunduki zikilia, anaziba masikio na kuyumbayumba mpaka kutulie. Juzi muuguzi mmoja alinieleza kwamba hali hiyo inaitwa otizimu. Wakati ule wa vita sisi tulisema bubu. Na mimi nilisema.

Tulikuwa tumekimbia mji wa Baraka, tukapanda milima ya Fizi mpaka kijiji kimoja chenye kijito. Mama yake alikuwa amefariki, kwa hiyo mtoto alikuwa wangu. Mwalimu mmoja, mkimbizi kama sisi, alikusanya batoto kanisani awafundishe. Nikataka kumpeleka msichana wangu huyo. Mulamu wangu, dada ya marehemu bwana yangu, akacheka.

"We mama, unapeleka nani? Hata kuku, ukiiita, inakuya."

Sikumpeleka.

Kila asubuhi alinifuata kwenye kijito. Bamama tuliloweka pale mihogo michungu, kila mmoja na shimo lake. Mihogo ile ukiitoa kabla ya siku nne inalevya, inaweza hata kuua. Mtoto alizunguka mashimo yote akipanga vijiwe ukingoni. Nilidhani ni mchezo. Siku moja niliona vinatuzuia njia, nikavipiga teke. Alilia mpaka jua la utosi, kisha akavirudisha vyote, shimo kwa shimo. Mguu ule ninaujutia mpaka leo.

Halafu ikaja wiki ya kulala porini, asubuhi tunashuka, jioni tunapanda tena. Siku zikatupotea. Njaa ikawa kali. Mulamu wangu akainama kwenye shimo letu.

"Leo ni ya nne. Tuliloweka Jumapili."

"Na leo ni siku gani?"

Hakujua. Akatoa muhogo. Mtoto akamnyang'anya, akaurudisha majini. Akatoa tena, mtoto akarudisha tena. Mulamu akainua mkono ampige, nikaushika.

Ndipo mtoto akanivuta kidole, akakiweka kwenye vijiwe vyetu: kimoja, cha pili. Basi. Akanipeleka kwenye shimo la jirani: vijiwe vinne. Nikabonyeza muhogo wa jirani, ukapondeka kama ndizi. Nikarudi kubonyeza wetu. Mgumu. Kila kijiwe kilikuwa siku moja majini. Njaa ilitufanya tusahau hata kubonyeza.

Mulamu wangu akakaa chini kwenye majani. Jirani alitugawia mihogo yake, na majina ya wote waliokuwa pale ninayo kichwani, hata kama siyaandiki.

Kesho yake nilimuosha mtoto, nikamfunga kitenge changu kizuri, nikampeleka kanisani. Mwalimu akamuuliza jina mara tatu. Mtoto anaangalia paa.

"Koko," mwalimu akaniambia kwa upole, "huyu hasemi."

"Ndiyo, mwalimu, hasemi. Umupe mawe."

Mwalimu akaniangalia kidogo, kisha akatoka nje kuyaokota.